Holi la shule linapakwa rangi mpya likizo hii. Zile picha za ukutani zifanywe nini?

#1 Mwana_Kuze
Salaam wana-Mvita. Swali langu ni fupi ila maelezo yake marefu, nivumilieni.

Kuna shule moja ya serikali hapa kisiwani Mombasa, jina silitaji, aliyesoma pale ataijua. Holi lake lina picha zilizochorwa moja kwa moja ukutani, ukuta mzima wa upande wa bahari, toka mlangoni hadi jukwaani. Kuna bandari ya zamani na vyombo vyake, kuna soko, kuna mafundi wawili wanachonga mlango, kuna Mapembe, yale makubwa ya ndovu yaliyo barabarani mjini, kuna daraja la Nyali lile la kuelea. Mwisho kabisa karibu na jukwaa kuna bwana wa Kizungu na kofia yake ameketi barazani, na mbele yake watu wamesimama na mizigo kichwani.

Sasa shule imepata fedha za ukarabati. Mkandarasi yuwasema ukuta utapigwa msasa, kisha rangi ya maji ya krimu, na kazi iishe kabla watoto hawajarudi. Stoo nayo yasafishwa. Mle mna mbao za majina ya waliofaulu, zimeandikwa kwa herufi za dhahabu, mna picha za fremu zimerundikwa, na mna mlango wa nakshi uliong'olewa ofisini siku walipoweka wa chuma.

Msimamo wangu nausema mapema: hivi vitu si vya mkandarasi, si vya mwalimu mkuu, wala si vya bodi. Ni vya mji. Wajuzi nisaidieni. Nani alichora? Kwa nini sehemu ya chini yote, hadi kimo cha mtoto wa darasa la nne, imebanduka? Na nani mwenye kauli ya kusema zisiguswe?

#2 Kiboko_wa_Kibokoni
"Shule ya kisiwani, ukuta wa upande wa bahari." Sheikh, kisiwa hiki kila ukuta una upande wa bahari. Taja tu.

#3 Dada_Likoni
Mimi nimeijua kwa yule bwana wa kofia. Sisi tukimwita Inspekta. Ukikosa kukaa kimya paredi, waambiwa ukasimame chini ya Inspekta hadi kengele.

Na kuhusu kubanduka, msisumbuke kutafuta sababu. Ni sisi. Mvua ikinyesha paredi yafanywa ndani, watoto mia kadhaa wameegemea ukuta na mashati yamerowa jasho, huyu achokora kwa kalamu, yule abandua rangi kwa ukucha. Soko lote la samaki limekwisha kwa kucha za darasa letu.

#4 FundiChokaa
Dada_Likoni, kucha haziwezi kula ukuta mzima kwa mstari mmoja ulionyooka. Hiyo ni chumvi.

Majengo ya zamani ya hapa ni mawe ya matumbawe na udongo wa chokaa. Jiwe la matumbawe lina matundu, linanyonya maji toka ardhini, na maji ya kisiwani yana chumvi. Yakipanda ukutani yanatafuta pa kutokea. Yakikauka usoni mwa ukuta yanaacha chumvi, chumvi inaganda, ikiganda inavimba na kusukuma plasta nje. Ndiyo maana unaona unga mweupe, halafu vipande vinaanguka. Kimo cha mtoto wa darasa la nne ndicho kimo chenyewe, maji hayapandi zaidi ya hapo kwa kawaida.

Zamani ukuta ulipakwa chokaa, nayo yapumua. Siku hizi mtu akiona unyevu aja na saruji. Saruji haipitishi, basi maji yapanda juu zaidi yakitafuta mlango. Hebu Mwana_Kuze utazame: je, nje ya ukuta ule kuna plasta ya saruji mpya?

#5 KisauniKwetu
Mimi nasema gata, ule mfereji wa maji ya mvua ukingoni mwa paa. Hiyo shule mabati yake ya upande ule yamevuja tangu sijazaliwa. Kusi ikianza, kuanzia mwezi wa nne, maji yapiga ukuta ule moja kwa moja. Rekebisheni gata kwanza halafu ndio mzungumze habari za matumbawe.

#6 FundiChokaa
Gata ikivuja uharibifu waanza juu. Jamaa kasema chini.

#7 KisauniKwetu
Gata ikivuja maji yaanguka chini, yapiga sakafu ya nje, yarukia ukuta. Au Kibokoni mvua yaenda juu?

#8 Kiboko_wa_Kibokoni
Kibokoni msiitaje taje, mimi niko kimya hapa.

#9 Mwana_Kuze
FundiChokaa, nje kweli kuna saruji, hadi usawa wa madirisha. Na KisauniKwetu, gata haipo kabisa, pamebaki vyuma vyake tu. Kwa hiyo nyote wawili mna hoja, endeleeni kupigana.

#10 Mwalimu_Mstaafu
Nijaribu swali la mchoraji. Mimi sikufundisha shule hiyo ila nimeingia holi lile kwa mashindano ya mashairi. Ile si kazi ya mtu wa kujifundisha. Tazama watu walivyopangwa, wa mbele wakubwa, migongo imezungushwa, hakuna mtu aliyeelea hewani. Naona mkono wa mwalimu aliyepita Makerere, chuo cha Uganda. Shule ya sanaa ya Makerere ilianzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, na wengi waliotoka pale walisambaa Afrika Mashariki kufundisha. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, naye ni wa Makerere, na mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora kuta za kanisa kule Murang'a: maisha ya Yesu, lakini watu na milima ni ya kwetu. Mtindo huo wa kuchukua ukuta wa umma na kuujaza maisha ya hapo hapo ulikuwa wa kizazi kile.

Sisemi ni yeye. Nasema ni mtu wa darasa hilo.

#11 Babu_Ganjoni
Mwalimu, kwa heshima zako. Mimi nasema ni mchoraji wa vibao. Mji huu ulikuwa na mafundi wa kuandika vibao vya maduka, majina ya vyombo, mapicha makubwa ya sinema. Mtu wa sinema ajua kupanga watu wakubwa mbele na wadogo nyuma, hiyo ndiyo kazi yake ya kila wiki. Na shule ikihitaji mbao za majina kwa dhahabu yaita nani? Yule yule. Linganisheni mkono: kama ukutani kuna maandishi yoyote, jina la chombo au kibao cha duka, yatazameni na yale ya kwenye mbao.

#12 Msanii_Majengo
Hoja ya Babu nimeipenda. Nina picha za simu nilizopiga siku ya mkutano wa wazazi. Ukutani kuna kibao cha duka sokoni na herufi zake zina vivuli vyekundu upande wa kulia. Hivyo ndivyo waandishi wa vibao wanavyofanya hadi leo.

Lakini kuna jambo jingine. Kile chombo kikubwa cha katikati ambacho wengi hukiita jahazi si jahazi. Tanga lake ni la mraba.

#13 Mtanga_wa_Chumbageni
Hapo sasa mmeniamsha. Tanga la mraba, la mkeka, ubao umeshonwa kwa kamba bila msumari: hicho ni mtepe. Jahazi lina tanga la pembe tatu. Mitepe ilikuwa ya Wabajuni na watu wa Lamu, na ilikwisha baharini kwenye miaka ya 1930. Kwa hiyo picha ni ya kabla ya hapo. Kazi imekwisha, nipeni chai.

#14 Babu_Ganjoni
Chai hupati. Katika picha hiyo hiyo kuna Mapembe, na Mapembe hayakuwapo miaka ya 1930. Yaliwekwa 1952 alipokuja Malkia Elizabeth.

#15 Mwalimu_Mstaafu
Babu, Malkia hakufika Mombasa 1952. Yalitengenezwa kwa ajili ya ziara yake, na meli yake, Gothic, ilikuwa yangoja hapa bandarini. Lakini alipokuwa kule Nyeri mwezi wa pili baba yake akafa, akarudi Uingereza kwa ndege akiwa malkia. Aliyekuja akayaona ni mdogo wake Margaret, 1956, na ndipo yakawekwa haya ya bati la aluminiamu.

#16 Babu_Ganjoni
Basi 1952 yaliwekwa. Ndilo nililosema.

#17 Mtanga_wa_Chumbageni
Mtu aweza kuchora mtepe bila kuuona. Mfano wake mdogo upo makumbusho ya Lamu. Zanzibar walijenga mtepe mzima mwaka 2003 ukawekwa Beit al-Ajaib, jumba lao la makumbusho, hadi jengo lilipoporomoka Desemba 2020. Mchoraji huenda alisimuliwa na babu yake.

#18 Dada_Likoni
Na daraja la Nyali? Lile la kuelea lilikuwa la 1931, likaondoka lilipofunguliwa hili la sasa 1980. Picha yenye daraja la kuelea haiwezi kuwa ya juzi.

#19 Kiboko_wa_Kibokoni
Kwa hiyo ni kati ya 1952 na 1980, imechorwa na msomi wa Makerere aliyekuwa akiandika vibao vya sinema, kisha ikaharibiwa na gata, chumvi na kucha za Dada_Likoni. Uzi ufungwe.

#20 Msanii_Majengo
Kiboko, mtu wa 1990 pia aweza kuchora daraja la zamani kwa kumbukumbu. Mimi mwenyewe nimelichora mara nyingi kwa watalii na sikuwahi kulivuka.

#21 Mzazi_Tononoka
Mimi nina mtoto pale. Naomba niseme lisilopendeza. Vyoo vimejaa, darasa la mtoto wangu halina vioo, na hawa wa Junia Sekondari, darasa la saba hadi la tisa, wamebanwa kwenye shule ya msingi hadi wanasomea chini ya mwarobaini. Leo zimepatikana pesa, mwataka zitumike kwa picha ya mtepe?

#22 Mwana_Kuze
Mzazi_Tononoka, haki yako. Lakini mimi siombi pesa. Naomba ukuta mmoja usipigwe msasa. Kutokufanya kitu hakuna gharama, hata rangi itabaki ya kupaka choo.

#23 FundiChokaa
Kutokufanya kitu kuna gharama ndugu. Chumvi haingoji. Lakini gharama ya kwanza ni ndogo: ng'oa saruji ya nje, rudisha plasta ya chokaa, weka gata. Hiyo ni kazi ya ukuta wa shule, picha au pasi na picha.

#24 Wakili_Mtaani
Nimesoma toka juu. Mwana_Kuze aliuliza nani mwenye kauli, na hakuna aliyejibu.

#25 KisauniKwetu
Makumbusho si ndio wenye kauli? Kitu chochote kikizidi miaka 50 ni chao.

#26 Wakili_Mtaani
Hapana, miaka 50 si kipimo cha kila kitu. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 imeweka mwaka 1895. Kitu kinachohamishika, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, ni cha kale kwa mujibu wa sheria. Michoro na maandishi ya kuchongwa au kupakwa kwenye mwamba na vitu visivyohamishika, vivyo hivyo. Kwa hiyo ukuta wenye Mapembe haulindwi wenyewe kwa wenyewe. Waziri anaweza kuutangaza kuwa mnara wa historia hata kama ni wa juzi, lakini hadi atangaze, ni ukuta.

Sasa sikilizeni la mlango. Sheria hiyo hiyo imetaja kwa jina milango na fremu za milango zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946. Hiyo ni vitu vinavyolindwa, haihitaji tangazo la mtu. Kama ule mlango wa stoo ni wa kabla ya 1946, atakayeuuza au kuutoa bila ruhusa ana kesi. Mwambieni mkandarasi asubuhi na mapema.

Kuhusu shule yenyewe: shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali kuu, kaunti ina chekechea na vyuo vya ufundi. Bodi inasimamia mali ya shule kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, haimiliki. Na mali ya umma haitupwi tu kwa sababu stoo imejaa. Sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya 2015 yataka kamati ikae, iandike, ndipo kitu kitolewe. Hata fremu moja.

#27 Mzazi_Tononoka
Yaani mlango uliolala stoo una sheria, watoto walio chini ya mwarobaini hawana.

#28 Wakili_Mtaani
Wanayo pia. Nao hawajapelekewa.

#29 Mpwani_Chicago
Salaam toka baridini. Kwetu asili Mtongwe, niko Chicago miaka mingi, nafanya kazi ya matengenezo ya majengo. Nimeona huu mjadala nikacheka, maana huku wamepitia yote haya.

Shule za serikali za mji huu zina picha za ukutani nyingi ajabu, zilizochorwa kati ya 1904 na 1943. Hata kabla ya hapo, mwaka 1894, mama mmoja Ellen Gates Starr, mwenzake Jane Addams kule Hull House, nyumba ya kuwahudumia maskini, alianzisha chama cha kupeleka kazi za sanaa kwenye shule za watoto wa maskini. Halafu uchumi ukaanguka miaka ya 1930, serikali ikawaajiri wachoraji waliokosa kazi kupitia mradi ulioitwa Federal Art Project, 1935 hadi 1943. Shule ya Lane Tech peke yake ni kama makumbusho.

Baadaye watu wakazisahau. Zikapakwa rangi juu, zikawekewa makabati, nyingine zikaliwa na moshi na maji. Miaka ya 1990 ndipo kazi ya kuzitafuta na kuzisafisha ilipoanza kwa mpango, shule kwa shule. Jambo lililowasaidia: nyingi zilichorwa kwenye turubai kisha zikagundishwa ukutani, basi waweza kuibandua nzima ukaipeleka karakana. Mwana_Kuze, gonga ukuta kwa kidole polepole, utazame pembezoni. Ni rangi juu ya plasta au kuna kitambaa?

#30 Mwana_Kuze
Shukran Mpwani. Ni plasta tupu, hakuna kitambaa. Na sehemu nyingine ukigonga yalia wazi.

#31 FundiChokaa
Ikilia wazi plasta imeachana na jiwe. Usigonge tena!

#32 Ustadh_Tudor
Assalamu alaykum. Kuna jambo watu wanalizunguka. Wazazi kadhaa wa pale hawaridhiki na picha za viumbe mahali ambapo watoto husimama kusali mwezi wa Ramadhani. Si ushamba, ni msimamo unaojulikana. Na hiyo picha ya wabeba mizigo mbele ya Mzungu, mtoto wa miaka sita anajifunza nini?

#33 Dada_Likoni
Alaykum salaam Ustadh. Sisi tulijifunza kumchukia Inspekta. Mtu alimchorea masharubu kwa makaa na hakuna mwalimu aliyeyafuta.

#34 Mpwani_Chicago
Ustadh, swali la Inspekta limegombewa hadi mahakamani San Francisco. Shule ya sekondari ya George Washington ina picha za Victor Arnautoff za mwaka 1936, mapande 13 ya maisha ya Washington. Arnautoff alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto, akachora watumwa wa Washington na Mhindi Mwekundu aliyeuawa, makusudi, ili watu wasijidanganye. Mwaka 2019 bodi ya elimu ikapiga kura zipakwe rangi, kwa sababu wanafunzi weusi na wenye asili ya Wahindi Wekundu wanazipita kila siku. Zikapigwa kelele, bodi ikasema basi zifunikwe. Wanafunzi wa zamani wakaenda kortini, 2021 jaji akabatilisha uamuzi, na 2022 bodi ikauondoa. Picha ziko pale hadi leo na ugomvi uko pale pale.

#35 Ustadh_Tudor
Kufunika mimi sina shida nako. Pazia zito wakati wa sala, wakati mwingine lifunguliwe. Msasa sikuutaja mimi.

#36 KisauniKwetu
Kwa nini tusipake chokaa juu tukamaliza? Rangi ya chokaa hufunika, na siku moja wajukuu watakuja kuisugua waone. FundiChokaa si ndiye asemaye chokaa hupumua?

#37 FundiChokaa
Kupumua yapumua. Na mimi ningependelea chokaa kuliko ile rangi ya plastiki ya mkandarasi. Lakini chokaa ni kali, na ikikaa miezi inageuka jiwe. Kama mchoraji alitumia rangi iliyofungwa kwa gundi, utakapokuja kuibandua utatoka na picha mkononi.

#38 Mpwani_Chicago
Nusu nakubali, nusu nakataa. Hapa Chicago Edward Millman alichora wanawake mashuhuri wa Marekani kwenye shule ya wasichana ya Lucy Flower, akamaliza 1940. Mwaka uliofuata bodi ikaona ni picha za huzuni mno, ikazipaka nyeupe. Zikakaa hivyo zaidi ya miaka 50, kisha zikafunuliwa. Lakini zile zilichorwa plasta ikiwa mbichi, rangi imeingia ndani ya chokaa yenyewe. Ya kwenu kama imepakwa juu ya plasta kavu, KisauniKwetu, wajukuu watasugua ukuta mtupu.

#39 Msanii_Majengo
Basi jambo la kwanza ni kujua ni rangi gani. Ya mafuta? Ya maji? Hapo ndipo twahitaji mtu wa maabara, na mji huu anaye. Fort Jesus wana maabara ya uhifadhi, vitu vya ile meli ya Wareno Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome 1697 na kuchimbuliwa kuanzia 1977, vimepita mikono ile. Na wana michoro ya ukutani! Askari wa Kireno walichora kwenye plasta kwa mkaa na ngeu, meli, samaki, makanisa, hata kinyonga. Ipo imewekwa ndani mle. Kama michoro ya askari waliochoka imeokolewa, ya mwalimu wa shule itashindikana?

#40 Babu_Ganjoni
Ya mwandishi wa vibao.

#41 Mwalimu_Mstaafu
Ya mwalimu.

#42 Rafiki_wa_Kale
Naingia kwa zile picha za fremu, hakuna aliyezigusa. Msizitupe kabla ya kuzigeuza nyuma. Mwaka 1946 Uingereza palianzishwa mradi, ukiongozwa na Brenda Rawnsley, wa kuchapa picha za wasanii wa wakati ule kwa ajili ya kuta za shule. 1949 wakachapa za Picasso, Matisse, Léger. Shule za koloni zilipokea vitu vingi toka kule.

#43 Kiboko_wa_Kibokoni
Mshalisikia? Kuna Picasso stoo. Kesho asubuhi Makadara yote imehamia shuleni na magunia.

#44 Rafiki_wa_Kale
Sikusema ipo! Nasema geuza utazame nyuma. Na mkigeuza msing'oe karatasi ya nyuma, msipanguse kwa kitambaa chenye maji. Picha iliyogandamana na kioo msiibandue kwa nguvu, iacheni na kioo chake.

#45 Mzazi_Tononoka
Nyingi ni picha za wanafunzi na timu ya mpira. Nimeziona. Baba yangu mdogo yumo kwenye moja, kashika kombe, na mchwa wamemla miguu yote miwili.

#46 KisauniKwetu
Alikuwa mlinda lango?

#47 Mzazi_Tononoka
Winga. Usinichekeshe, nimekasirika bado.

Lakini hiyo picha nitaifuata kesho kama mzazi. Na zile mbao za majina zisichomwe, kuna jina la mama yangu.

#48 Mwana_Kuze
Habari mpya. Nalienda leo na barua aliyonisaidia Wakili_Mtaani. Mwalimu mkuu ni mtu muungwana, kasema hakuwa na habari ya sheria ya milango, ule mlango umefungiwa maabara ya sayansi na funguo anazo yeye. Kuhusu ukuta, kasema uamuzi ni wa bodi na bodi yakutana wiki ijayo. Mkandarasi naye kasema ataanza na madarasa, holi liwe la mwisho, lakini mkataba wake una tarehe na hatangoja maabara wala Makumbusho.

FundiChokaa, alikuwapo fundi wake mmoja mzee wa Mwembe Tayari, kasema plasta ile ilichanganywa na mchanga wa bahari. Kwa hiyo chumvi haikupanda toka chini, ilikuwamo ndani tangu siku ya kwanza.

#49 FundiChokaa
Kama ni mchanga wa bahari ingebanduka yote, juu na chini. Huyo mzee nampa heshima yake, lakini sikubali.

#50 KisauniKwetu
Gata.

#51 Msanii_Majengo
Mwana_Kuze, kabla ya bodi kukaa, piga picha za kutosha. Si za simu ukiwa umesimama mlangoni. Zima taa, fungia madirisha, weka tochi pembeni kabisa mwa ukuta imulike kwa ubavu, utaona kila ufa na kila palipovimba. Weka rula ndani ya picha. Bodi ikikataa, angalau rekodi ibaki. Mimi naja na kamera, niambie siku.

#52 Babu_Ganjoni
Na mkiwa na tochi tazameni chini kulia, karibu na viatu vya yule Mzungu. Waandishi wa vibao huweka jina lao dogo pale.

#53 Mwana_Kuze
Tulitazama jana jioni mimi na Msanii. Kuna alama mbili. Ya kwanza ni M, haina ubishi. Ya pili imekatwa na ufa, yaweza kuwa S, yaweza kuwa 5.

#54 Babu_Ganjoni
S. Mwandishi wa vibao huandika herufi zake mbili.

#55 Mwalimu_Mstaafu
Au ni 5 ya mwaka, na iliyobaki imeanguka na plasta. 1952 hadi 1959, kizazi nilichosema.

#56 Mtanga_wa_Chumbageni
M ya Mtepe.

#57 Dada_Likoni
Mkutano wa bodi ni siku gani hasa, na wazazi wa zamani twaruhusiwa kuingia? Tuko kundi la wanawake kama ishirini toka Likoni, tutavuka.

#58 Mwana_Kuze
Alhamisi saa nne asubuhi. Kuingia ni kwa mwaliko, ila nje ya lango hakuna mwenye lango. Dada, vukeni mapema, feri yaijua wewe.

#59 KisauniKwetu
Fundi, tukiacha ugomvi: nyumba yangu nayo yatoa ule unga mweupe, sebuleni, kimo hicho hicho. Niliipaka saruji mwaka jana. Nafanyaje?

#60 FundiChokaa
Gata yako nzima?